Nusu ya Mwana wa Kiume

Mwaka 1973 jarida la Kimarekani la Law & Society Review lilichapisha makala ya Sally Falk Moore iliyowakutanisha watu ambao hakuna aliyekuwa amefikiria kuwakutanisha: wafanyabiashara wa magauni ya bei mbaya mjini New York, na Wachagga wa Kilimanjaro. Moore alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa mwanaanthropolojia. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha alikwenda Nuremberg kufanya kazi kwenye kesi za Wanazi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kupanda na kushuka mlima wetu akiuliza kihamba hiki, yaani shamba hili la ukoo, ni cha nani na kilimfikiaje. Hoja yake, nikiifupisha kwa lugha ya sokoni, ni kwamba sheria ya serikali ikifika kijijini inawakuta wenyeji na amri zao, faini zao na fadhila zao, na mara nyingi amri za wenyeji ndizo zinazofuatwa.

Binti yangu anasoma sheria chuo kikuu. Ndiye aliyeniletea makala hiyo kwenye simu wakati wa likizo, akanisomea huku nikichambua mchele. "Mama, sisi na New York tumo kwenye ukurasa mmoja," akasema. Kwa kweli sisi hatumo. Sisi ni watu wa Kahe, tambarare, huku kwenye mpunga, vitunguu na mbu. Moore aliwaandika wale wa juu, wenye migomba na kahawa. Lakini wa juu nao wana mashamba huku chini, watu wameoana, na mila zao za ardhi zimeshuka nao. Kihamba ni cha mwana wa kwanza na kitinda mimba. Wa katikati hujitafutia. Binti huolewa. Moore alikuja kulieleza jambo hilo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1986, Social Facts and Fabrications, kinachofuatilia sheria za mila mlimani kwa muda wa miaka mia moja, kuanzia 1880.

Kilichonishika mimi ni upande wa New York, na hasa watu waliotangulia kabla ya makala ile: washonaji. Mwanzoni mwa karne iliyopita wengi wao walikuwa wasichana wa Kiyahudi waliotoka katika himaya ya Urusi, pamoja na Waitalia. Nikaanza kuwasoma. Mtu wa Kahe anaweza kuulizwa ufeministi wa wanawake wa Kiyahudi unamhusu nini. Jibu langu ni ardhi na vitabu.

Najua pia jina la Myahudi linavyosikika siku hizi. Tangu tarehe 7 Oktoba 2023, siku ambayo miongoni mwa waliouawa alikuwamo kijana wa Rombo aliyekwenda Israeli kujifunza kilimo, na tangu makumi ya maelfu ya Wapalestina wauawe Gaza katika vita vilivyofuata, kumtaja Myahudi kijiweni ni kuanzisha ugomvi. Ugomvi huo una haki ya kuwapo, na nitaugusa nikifika Nairobi. Ila wanawake ninaoanza nao walikuwa wakizihoji nyumba zao wenyewe zamani sana kabla ya dola ya Israeli kuundwa.

Mchukue Clara Lemlich. Alizaliwa Ukraine mwaka 1886. Baba yake hakutaka lugha ya Kirusi isikike nyumbani, kwa kuwa ilikuwa lugha ya dola iliyowatesa Wayahudi. Msichana alitaka kusoma. Akawafundisha wasichana wa Kiyahudi waliomzidi umri nyimbo za Kirusi ili nao wamfundishe kusoma Kirusi, akashona matundu ya vifungo, akawaandikia barua kina mama wasiojua kuandika waliokuwa na watoto Marekani, na senti alizopata akanunulia vitabu. Baba alipovikuta alivichoma. Clara akaanza upya kukusanya vingine. Familia ilihamia New York baada ya mauaji ya Wayahudi mjini Kishinev mwaka 1903. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1909, katika ukumbi wa Cooper Union, wanaume wakubwa wa vyama walikuwa wamehutubia kwa saa nyingi wakiwataka wafanyakazi wawe waangalifu. Clara, wakati huo ana miaka 23, akaomba kusema, akasema kwa Kiyidi, akataka mgomo uitishwe pale pale. Washonaji zaidi ya 20,000 waliweka sindano chini. Alipozeeka na kuwekwa katika makao ya wazee Los Angeles, aliwachochea wahudumu wa makao hayo wajiunge na chama cha wafanyakazi. Mtu wa namna hiyo hatulizwi na uzee.

Kumchomea binti vitabu kunauma kuliko kunavyoonekana, kwa sababu katika jamii ile kusoma ndiko kulikokuwa kihamba. Mtoto wa kiume alipelekwa kwa mwalimu akiwa mdogo, akafundishwa Kiebrania, Torati, kisha Talmudi, na mwanamume msomi aliheshimiwa hata kama mkewe ndiye aliyemlisha kwa biashara ya sokoni. Binti aliachiwa Kiyidi, lugha ya jikoni na ya soko. Ndani ya lugha hiyo yalitokea mambo. Tangu mwanzoni mwa karne ya 17 wanawake walikuwa na kitabu kiitwacho Tsene-rene, kinachosimulia Torati kwa Kiyidi pamoja na hadithi na mafafanuzi, na waliendelea kukisoma siku za Sabato kizazi baada ya kizazi. Kiliandikwa na mwanamume. Waliokifanya kiishi ni wanawake.

Mjane mmoja wa Hamburg, Glikl binti Yuda Leib, alikwenda mbele zaidi. Mumewe alikufa mwaka 1689, akamwachia biashara ya lulu na vito, madeni, na watoto wasioolewa bado. Mwaka 1691 akaanza kuandika ili kupunguza majonzi ya usiku, akiwaandikia watoto wake wajue wanatoka katika watu wa aina gani. Bei zimo, mahari zimo, tauni imo, na wakwe wakorofi nao wamo. Aliandika kwa vipindi hadi mwaka 1719. Mwanawe mmoja alinakili, nakala zikakaa katika ukoo, na kitabu hakikupigwa chapa hadi mwaka 1896.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kumfikia Glikl bila kumkumbuka Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Huyu naye ni mjane, naye anaandika akimlenga mtoto, na mwaka unaotajwa ni 1858. Utendi wake kwa binti yake Mwana Hashima umeshambuliwa sana kwa jinsi unavyomfundisha mke kumtii mume, na wengine wameutetea kwa kusema mama yule alikuwa mjanja, alimfundisha binti namna ya kuishi katika dunia aliyoikuta. Mimi sijashawishika na upande wowote kati ya hizo mbili. Ninachokitazama ni yule aliyeandikiwa. Katika mji ambao mali na utawala vilipita kwa wanaume, msichana alipewa kitu kilichoandikwa, chenye mwandishi mwanamke, na kitu hicho kimedumu kuliko nyumba za mawe za Siyu, mji wa kisiwani Pate. Glikl naye hakuwa mfeministi. Aliwaoza binti zake kama wazazi wengine walivyooza, akijisifia mkwe mwenye jina.

Aliyemgeuza Glikl kuwa bibi wa wafeministi ni Bertha Pappenheim, aliyezaliwa Vienna mwaka 1859. Wanasaikolojia wanamjua kwa jina lingine, Anna O., mgonjwa katika kitabu cha Breuer na Freud cha mwaka 1895. Nashangaa hadi leo kwamba dunia inamkumbuka zaidi kwa ugonjwa wa ujana wake kuliko kwa kazi ya miaka iliyofuata. Mwaka 1899 alitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Mwingereza Mary Wollstonecraft kinachotetea haki za wanawake. Mwaka 1904 alianzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, uliopambana na biashara ya kuuza wasichana na kudai kura ya wanawake katika jumuiya za Kiyahudi. Mwaka 1910 akatoa tafsiri ya Glikl, ambaye alikuwa na udugu naye wa mbali, na baadaye akatafsiri sehemu ya Tsene-rene. Akachorwa picha amevaa mavazi ya Glikl. Hakuona haja ya kuchagua kati ya Mwingereza na bibi yake. Vitabu vya wote wawili vilipita katika mkono mmoja, na alikuwa mkali vilevile kwa marabi wa mjini kwake kama alivyokuwa kwa Wakristo waliomchukia kwa asili yake.

Hapa nina neno kidogo na waandishi wetu. Elieshi Lema, mzaliwa wa Kilimanjaro, ameandika riwaya nzuri kuhusu mwanamke anayeyatazama maisha ya mama yake, Parched Earth, ya mwaka 2001. Ameiandika kwa Kiingereza. Watoto amewaandikia Kiswahili, na kazi yake ya uchapishaji haina mfano, lakini mama yangu, ambaye angekuwa msomaji wake mkali kuliko wote, hajaisoma riwaya ile na hataisoma. Glikl alieleweka na mpishi wake.

Mama yangu anasoma Biblia. Ana ile ya mwaka 1952, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia, na anaisoma kama mtu anayekagua hesabu za kikundi cha kukopeshana. Jumamosi moja jumuiya ilikuwa zamu yetu. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye turubai uani, kuku wananyemelea, na sisi tumekaa kivulini. Katekista alisoma Hesabu sura ya 27: dada watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti za Selofehadi, wanasimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani na wakuu, wanauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa kuwa hakuzaa mwana wa kiume. Wanadai milki. Musa anampelekea Mungu shauri lao, na Mungu anajibu kwamba wamesema vema. Katekista akafafanua kwa uzuri kabisa jinsi Mungu anavyowapenda kina mama.

Mama akarusha kijiwe kumfukuza jogoo, kisha akainua mkono. "Katekista, samahani. Na kama wangekuwa na kaka?"

Katekista akarudi kwenye kitabu, akapitisha kidole. "Wangekuwa na kaka, mama, basi kaka angerithi."

"Basi hiyo haituhusu," mama akasema. "Hapa sote tuna kaka."

Kina mama walicheka hadi kuku wakaruka. Binti yangu naye, bila kuulizwa, akafungua sura ya 36 na kuisoma. Watu wengi wanaishia ya 27. Katika ya 36 wazee wa ukoo wanarudi kwa Musa na malalamiko: hawa wasichana wakiolewa kabila lingine, ardhi yetu itakwenda nao. Inatoka amri kwamba waolewe ndani ya kabila la baba yao, nao wanaolewa na watoto wa baba zao wadogo na wakubwa. Na katika Yoshua 17 wanalazimika kwenda tena mbele ya wakuu kukumbusha ahadi, ndipo wanapopewa. Wamepewa, wamefungiwa, wamedai tena. "Bibi," akamwambia mama yangu, "walipata shamba lakini wakachaguliwa mume."

"Afadhali hao," mama akajibu. "Mimi nilichaguliwa mume na shamba sikupata."

Nilipoendelea kusoma niligundua kwamba marabi wa kale nao hawakuweza kuwapita dada wale. Talmudi inawasifu kwamba walikuwa wenye hekima, wajuzi wa kufasiri, na wacha Mungu. Mafafanuzi ya zamani kuhusu Hesabu yanawawekea mdomoni wazo kwamba huruma ya wanadamu huegemea wanaume kuliko wanawake, lakini ya Mungu ni kwa wote. Wanaume walioandika hayo waliiacha sheria ilivyo. Mwenye kaka hakurithi.

Ila wazazi wanapenda watoto wao, na penye upendo na sheria ngumu mwanasheria hupata kazi. Wayahudi wa Ulaya walibuni hati waliyoiita hati ya nusu ya mwana wa kiume. Ilifanya kazi hivi. Binti anapoolewa, baba anaandika kwamba anadaiwa na binti huyo fedha nyingi mno, deni la uongo, la kulipwa saa moja kabla ya kifo chake. Baba akifa, kaka wanakuwa na hiari: kulipa deni lote, ambalo lingewafilisi, au kumpa dada yao nusu ya fungu la mwana wa kiume. Bila shaka walitoa nusu. Torati haikuguswa, na binti hakuondoka mikono mitupu. Niliufurahia ujanja huo kwa siku nzima. Kisha nikasoma kwamba kwa kawaida hati hizo zilikuwa na kifungu kinachoondoa mali mbili ambazo nusu haikuzihusu. Zilikuwa ardhi na vitabu.

Nikimsoma Pappenheim, Lemlich na waliokuja baada yao, ninaona watu wanaodai kile kilichoondolewa kwenye hati. Regina Jonas wa Berlin alidai vitabu. Mwaka 1930 aliandika tasnifu akiuliza kama mwanamke anaweza kuwa rabi, akajibu kwa vifungu vya sheria ile ile ya Kiyahudi kwamba anaweza, na mwishoni mwa mwaka 1935 akapewa cheti. Wanazi walimuua Auschwitz mwaka 1944. Wanaume mashuhuri waliofanya naye kazi na kuponea vita hawakumtaja. Marekani ilipompa urabi Sally Priesand mwaka 1972, ilitangazwa kama jambo ambalo halijawahi kutokea, na karatasi za Jonas hazikufunuliwa hadi baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, katika hifadhi ya nyaraka ya upande wa mashariki. Miaka yote hiyo mabinti walikuwa wakianza moja, wakidhani ndiyo mwanzo.

Julai 1985 mazungumzo hayo yalifika Afrika Mashariki. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika Nairobi, Margaret Kenyatta akiuongoza, na Gertrude Mongella wa kwetu akiwa miongoni mwa makamu. Pembeni, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi, kulikuwa na kongamano la maelfu ya wanawake wasiotumwa na serikali zao. Huko Betty Friedan, mwandishi wa The Feminine Mystique ya mwaka 1963, alikaa kila siku chini ya mti mkubwa akazungumza na yeyote aliyetaka kuketi. Friedan alikuwa binti wa mama aliyehariri ukurasa wa wanawake katika gazeti la Peoria, Illinois, akaacha kazi alipoolewa. Alisema mara nyingi kwamba uchungu wa mama yule ndio uliomfunza kuuliza. Bella Abzug naye alikuwapo, mwanasheria na mbunge wa zamani wa New York. Baba yake alipokufa yeye akiwa na miaka 13, bila kaka nyumbani, alikwenda sinagogi kila siku kwa mwaka mzima kumsomea sala ya marehemu, ingawa sala hiyo ni ya wana wa kiume. Hakuna aliyemzuia, alisimulia baadaye. Walimtazama kwa jicho baya tu.

Waafrika waliokuja chini ya mti ule hawakuja kuabudu. Walitaka maji, madeni ya nchi zao na ubaguzi wa Afrika Kusini yazungumzwe kabla ya upweke wa mke wa nyumbani wa Marekani, na walikuwa na haki. Na kulikuwa na Palestina. Tamko la mkutano uliotangulia wa Mexico, mwaka 1975, lilikuwa limeuweka Uzayuni katika orodha ya mambo ya kung'olewa duniani, mkutano wa Copenhagen mwaka 1980 ukarudia, na wanawake wengi wa Kiyahudi walitoka huko wakiona wamehukumiwa kwa kuzaliwa. Wapalestina kwa upande wao waliuliza watanyamazaje kuhusu nchi iliyowafukuza ili wengine wasiudhike. Nairobi ilikaribia kuvunjika juu ya jambo hilo. Kenya ikaleta pendekezo: neno liondolewe, pawekwe aina nyingine zote za ubaguzi wa rangi. Waraka ukapita kwa kauli moja. Hakuna aliyeridhika, na swali lenyewe halikujibiwa. Lakini wanawake wa pande mbili walikuwa wamekaa hema moja na kupigiana kelele ana kwa ana, jambo ambalo leo linaonekana gumu kuliko wakati ule. Miaka miwili baadaye waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walianzisha TAMWA, na miaka kumi baadaye Mongella aliongoza maandalizi ya mkutano wa Beijing. Abzug naye alikuwapo huko.

Wale walikuwa wageni. Wayahudi wenyeji wa Afrika Mashariki wako Mbale, Uganda, na ukitazama ramani ya zamani ya reli, kutoka stesheni ya Kahe mtu angeweza kwenda hadi kwao. Njia ya Voi iliunganishwa hapa na Waingereza katika Vita vya Kwanza, vita ambavyo mwezi Machi 1916 vilipiganwa katika mashamba haya haya. Kutoka Voi kuna Nairobi, Nakuru, na Rongai jirani yake, ambako mwaka 1938 mtoto Stefanie Zweig alifika na mama yake wakimkimbia Hitler, na mwaka 1995 akaandika Nirgendwo in Afrika, riwaya ambayo ndani yake mama anakuja shambani na gauni la jioni badala ya jokofu aliloagizwa. Mbele yake ni Tororo, kisha Mbale. Treni za Kahe kwenda Voi zilikoma zamani. Ile ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi Desemba 2019.

Abayudaya wa Mbale walianza mwaka 1919, jemadari Semei Kakungulu alipogombana na Waingereza na wamisionari, akaifuata Torati. Idi Amin alipiga dini yao marufuku, wakabaki mamia machache. Mwaka 2002 wengi wao walipitia taratibu rasmi za kuingia Uyahudi mbele ya marabi wa Marekani, na mwaka 2008 Gershom Sizomu akawa rabi wao mwenye shahada. Katika sinagogi la Nabugoye wanawake na wasichana husoma Torati hadharani. Kijiji cha Putti kimechagua njia ya Kiorthodoksi, ambako wanaume na wanawake hukaa mbali. Kwa hiyo ubishi wa Berlin upo hai katika vilima vya kahawa na migomba vinavyofanana na vya Kilema. Shoshanna Nambi, binti wa jumuiya hiyo aliyesomea urabi Jerusalem katika chuo cha Hebrew Union College, alichapisha mwaka 2022 kitabu cha watoto, The Very Best Sukkah, chenye msichana, bibi yake na Sikukuu ya Vibanda. Binti yangu alinisomea akinitafsiria. Kwangu ni habari kubwa kuliko Nairobi, kwamba kitabu kimetoka upande huu wa Ziwa Nyanza na bibi yumo ndani.

Nirudi kwenye sheria, maana mwanafunzi wangu wa nyumbani haniachi nilale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima ni batili. Wakati huohuo kanuni za mila za mwaka 1963, zinazomweka binti daraja la tatu katika urithi, hazijafutwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zinabagua, ikakataa kuziondoa. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliiambia Tanzania katika shauri la wajane wawili kwamba imevunja wajibu wake. Moore angetabasamu. Sheria moja inatoa, nyingine inazuia, na katikati ukoo unakaa kikao.

Mimi mwenyewe nina kipande cha vitunguu kando ya mfereji. Baba alinipa kwa mdomo, mbele ya ndugu zake, na ndugu hao wanazidi kupungua. Kaka zangu ni watu wema, nami nalima kwa wema wao. Wake zao ni wema pia, hadi sasa. Mama akiulizwa anasema hayo ni mambo ya wanaume, kisha usiku ananiuliza kama nimeshaandikisha.

Wewe mzee mwenye shamba Kahe, Kirua au Marangu, mwenye watoto wa kike unaowasomesha kwa kuuza ng'ombe: usingoje kikao cha matanga. Nenda ofisi ya kijiji ungali unatembea, ulizia hati ya hakimiliki ya kimila, jina la binti liandikwe pamoja na ya kaka zake, na mashahidi watie sahihi. Na ukiandika, usiandike nusu.